Gari la Baba na Mgongo wa Mama

Katika ukurasa huu wa familia tumezoea kuzungumza juu ya malezi, mapishi, afya na masikilizano ya jamaa. Juma hili tumeingia gereji. Twaomba tusilaumiwe kabla ya kusikizwa, kwani gari la nyumba ni sehemu ya nyumba. Ndilo limpelekalo mgonjwa hospitali, bibi harusi kwa mumewe, watoto chuoni na jamaa mazikoni. Na likiwa bovu, aumiaye zaidi aghalabu si mwenye kushika usukani, bali ni mtu mzima aliyeketi nyuma, ambaye hakuna aliyemwuliza kitu.

Habari yenyewe ilianza kwa ujumbe tulioletewa na msomaji wetu mmoja, binti wa familia ya hapa Mombasa. Tumekubaliana naye tusiwataje kwa majina. Baba yao alifariki, akaacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Miongoni mwa alivyoviacha ni gari aina ya Mercedes-Benz 240D la mwaka 1981, lile ambalo wapenzi wa magari ya kale hulijua kwa namba W123. Marehemu alilinunua likiwa na umri mdogo, akalitunza kama atunzwavyo mtoto wa kitinda mimba, na hakuna ndugu hata mmoja anayekubali liuzwe.

Kaka yao mkubwa, ambaye kazi yake iko Muscat, alitaka kuleta seti nzima ya springi za hewa ili gari hilo liwe laini, liinuke na kushuka kwa kubonyeza kitufe. Alisema, "Mama yangu ataketi kama aliyeketi ulilini." Nia yake ilikuwa njema. Mama, tangu eda yake ilipokwisha, alikuwa hajakwenda Malindi kumwona dada yake. Kila alipopanda gari lile mgongo ulimwuma siku tatu, na kushuka kulihitaji watu wawili wa kumvuta mikono. Lakini bei ya seti ile ilikuwa kubwa, na mabinti waliingiwa na shaka. Wakatuuliza: je, springi za hewa zitamfaa Mama, au fedha zitatupwa baharini?

Sisi si mafundi. Tuliuliza wajuao, tukasoma, kisha tukafuatana na familia hiyo mpaka gereji. Haya ndiyo tuliyoyapata, nasi twayaeleza kwa kuwa nyumba nyingi za pwani zina gari la mzee ambalo mtu hathubutu kuliuza wala hajui namna ya kulifaidi.

Hewa yabebaje gari?

Springi ya kawaida ni chuma kilichopindwa mviringo juu ya mviringo. Mzigo ukiikalia hukunjika, ukiondoka hufunguka. Springi ya hewa ni kiriba cha mpira mnene ulioimarishwa kwa nyuzi, kilichofungwa juu na chini, na ndani yake mna hewa iliyoshindiliwa. Hesabu yake si ngumu. Kanieneo ya bar 1 ni sawa na takriban kilo 1 kwa kila sentimita mraba moja. Basi kiriba chenye eneo la sentimita mraba 60, kikijazwa hadi bar 2, hubeba kilo 120 hivi. Kikijazwa hadi bar 3, hubeba kilo 180. Hewa ile tuidharauyo inaweza kumnyanyua mtu mzima na mizigo yake.

Fadhila ya hewa ni kwamba hugeuzwa kulingana na mzigo. Springi ya chuma ina ugumu mmoja tangu kiwandani. Ikiwa ngumu, itamtikisa aliye peke yake. Ikiwa laini, itazama wakipanda watano. Ama kiriba, huongezwa hewa wanapopanda wengi na kupunguzwa wanaposhuka, gari likabaki katika kimo kilekile. Tena hewa hukaza kadiri ishindiliwavyo, kwa hivyo gari haliharakishi kugonga chini likiingia shimoni.

Hata hivyo, kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sauti. Springi ya aina yoyote hubeba tu. Kutuliza mrusho ni kazi ya shokabzoba, yaani vile vyuma virefu vyenye mafuta ndani. Shokabzoba zikifa, gari lenye springi za hewa nalo litayumba kama mashua kwenye mkondo.

Waliotangulia walipata nini?

Si jambo jipya. Nchini Marekani mabasi ya abiria ya masafa marefu yalikuwa na springi za hewa katika miaka ya 1950. Mwaka 1957 Cadillac ilitoa gari la fahari lililoitwa Eldorado Brougham, nalo lilitoka kiwandani na viriba vya hewa. Mwaka uliofuata kampuni mama, General Motors, ikawauzia wateja wa magari yake mengine mfumo wa aina hiyo kwa malipo ya ziada. Matokeo hayakuwa mazuri. Hewa ilivuja, unyevu ukaingia katika valvu, magari yakalala chini asubuhi, na wenyewe wengi wakavitoa viriba wakarudisha springi za chuma. Haikupita miaka mingi mfumo huo ukaachwa.

Wafaransa walishika njia nyingine. Mwaka 1955 Citroën ilitoa gari la DS ambalo halikutegemea kiriba cha hewa ya kawaida, bali gesi ya naitrojeni iliyofungiwa ndani ya tufe za chuma, ikisukumwa na mafuta. Gari hilo lilisifiwa kwa ulaini wake, na dereva aliweza kuliinua kwa kuvuta mkono mmoja wa chuma. Lakini lilihitaji fundi aliyefunzwa na mafuta ya aina yake.

Mercedes-Benz wenyewe waliingia katika hewa mwaka 1961 kwa gari la 300SE, kisha mwaka 1963 kwa lile kubwa la 600, na baadaye 300SEL. Magari hayo yalikuwa na kompresa iliyoendeshwa na injini, tangi la hewa na valvu za kupimia kimo. Hadi leo mwenye 300SEL hukabiliwa na swali lilelile kwa upande wa pili: atengeneze viriba vya asili kwa gharama kubwa, au atie springi za chuma na kulipunguzia gari asili yake?

Lakini walipolitengeneza gari la marehemu, W123, lililoanza kuuzwa mwaka 1976, hawakulipa viriba vya hewa. Walilipa springi za chuma magurudumu yote manne. Lile la bodi ndefu, lenye mlango wa nyuma wa kupakilia, liliongezewa mafuta na tufe za gesi upande wa nyuma ili lisizame kwa mzigo. Jambo hili lilitufundisha kitu. Watu walioijua hewa kwa miaka 15 waliamua kwamba gari la familia na la teksi litatulia vyema kwa chuma. Tena gari hilo lilisifika duniani kwa starehe ya safari. Basi likiwa leo linamwumiza Mama, je, lilizaliwa na ila hiyo, au ila imeingia baadaye?

Njia tatu zilizo mbele ya mwenye gari

Njia ya kwanza ni kulirudisha gari katika hali yake ya kwanza: springi za chuma zilizo sawa, shokabzoba mpya, bushi mpya za mpira na tairi zilizo hai. Njia hii haina la kujivunia mbele ya watu, kwa sababu kazi yote imejificha chini ya bodi.

Njia ya pili ni viriba visaidizi. Hivi ni vifuko viwili vya hewa vinavyotiwa ndani ya springi za chuma za nyuma, na springi zenyewe hubaki mahali pake. Hujazwa kwa pampu ileile ya tairi kupitia vinywa viwili vidogo vinavyofichwa karibu na bampa. Vingi vya aina hii havitakiwi kukaa chini ya kipimo cha 5 kwenye geji ya tairi wala kuzidi 35, na mwenye kununua hana budi kusoma maagizo ya mtengenezaji wake. Havitaki kompresa wala umeme. Kimoja kikipasuka, springi ya chuma ingalipo na safari huendelea. Ila kuna sharti: havifai pale ambapo shokabzoba imepita katikati ya springi, kwani nafasi haipo. Katika W123 shokabzoba ya nyuma imesimama kando, na nafasi ipo.

Njia ya tatu ni ile aliyoitaka kaka: springi za chuma zatolewa zote, viriba vyawekwa pande nne, pamoja na kompresa ya umeme, tangi la hewa ndani ya buti, valvu, mabomba, geji na vitufe. Ikifanywa na fundi hodari ni kazi ya kupendeza. Lakini kila kiungo ni mlango wa uvujaji. Mabomba yasipofungwa vyema husuguana na bodi au huungua kwa bomba la moshi. Kompresa hunywa umeme mwingi, na waya za gari la 1981 hazikuandaliwa kwa mgeni huyo. Kimo kikibadilika, pembe za magurudumu hubadilika pia, na tairi zikalika upande mmoja.

Hapa kwetu pwani kuna adui wa ziada. Hewa yetu ina unyevu na chumvi. Kompresa huivuta hewa hiyo na kuishindilia, na maji yakajikusanya ndani ya tangi. Asiyekuwa na chombo cha kukausha hewa, na asiyemwaga maji ya tangi mara kwa mara, atazikuta valvu zimeshika kutu. Mchanga nao hukaa katika mikunjo ya kiriba na kuukwaruza mpira kila gari lipandapo na kushuka. Yaliyowashinda watu wa nchi za baridi mwaka 1958 hayatakuwa mepesi kwetu.

Siku ya gereji

Tulifika asubuhi. Mama alikuja pia, kwa shingo upande, akisema hajui analokwendea huko kwenye mafuta na moshi. Fundi ni mtu wa makamo, mikono yake imekwisha rangi kwa dizeli. Alimwamkia Mama, "Shikamoo, Mama," akamletea kiti kivulini, kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Hakufungua boneti wala hakuinua jeki. Aliketi kiti cha nyuma upande wa kushoto, mahali aketipo Mama, akamwambia binti aendeshe mpaka kwenye matuta ya barabara na kurudi.

Aliporudi alishuka polepole, akishika kiuno. "Dada," alimwambia binti, "mimi nina miaka arubaini na sita na mgongo wangu umelia. Sasa tutafute nani mwenye makosa."

Aliukandamiza kila upembe wa gari kwa mikono miwili kisha akauachilia. Gari zima huinuka mara moja na kutulia. Hili liliruka mara tatu nyuma: shokabzoba zimekufa. Akapima kwa futi kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, kulia na kushoto. Nyuma palikuwa pamezama, na kushoto zaidi ya kulia. Akaliinua kwa jeki, akaweka stendi za chuma, akaingia chini na taa. Bushi za nyuma zilikuwa zimepasuka hata chuma kikagusa chuma. Vile vipira vizito vikaavyo juu ya springi vilikuwa vimebonyea kama chapati. Hapo akatuonyesha hekima ya waliolitengeneza gari: vipira hivyo huuzwa kwa unene tofauti, na unene wake hutambulikana kwa vinundu vilivyo pembeni. Mwenye kutaka kuinua gari kidogo hubadilisha kipira chenye kinundu kimoja kwa chenye vinundu viwili au vitatu, bila ya kugusa kitu kingine.

Tairi nazo zilikuwa na ushahidi wake. Tarakimu nne za mwisho zilizopigwa ubavuni huonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa, na zile mbili za nyuma zilikuwa na umri uliopita miaka kumi. Mpira wake ulikauka ukawa mgumu kama kwato. Juu ya hayo zilijazwa upepo kupita kiasi, ilhali kipimo sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko kilicho ndani ya kifuniko cha tangi la dizeli, ambacho hakuna aliyekisoma tangu marehemu alipoacha kuendesha.

Kisha fundi akakiinua kiti cha nyuma. Viti vya gari hili vina springi zake ndani, na juu yake mto wa nyuzi nene zilizoshikizwa kwa mpira. Upande wa kushoto mto ulikuwa umegeuka vumbi. Kitambaa kilikalia springi tupu. "Mama alikuwa anakalia chuma," alisema.

Mabinti walinyamaza. Mmoja wao alituambia baadaye kwamba kwa mwaka mzima walikuwa wakimwambia mama yao kuwa ni uzee.

Neno la Mama

Tulikuwa tumezungumza saa nzima juu ya springi, hewa na bei, na Mama alikuwa kimya. Tulipomwuliza yeye ataka nini, alijibu bila ya kufikiri. "Mimi sitaki ulili. Nataka nishuke mwenyewe, nisivutwe kama gunia."

Maneno hayo machache yaligeuza hesabu yote. Kaka alidhani gari likishushwa chini litamrahisishia Mama kupanda. Ukweli ni kinyume. Mwenye maumivu ya magoti na nyonga huteseka zaidi kuinuka kutoka kiti cha chini. Kiti kimfaacho ni kile kilicho karibu na kimo cha goti lake au juu yake kidogo, kigumu kiasi cha kumpa nguvu ya kusimama. Gari lililozama nyuma, na mto uliobonyea, vilimweka Mama chini mara mbili. Gari la kunyanyuka kwa kitufe lingemfaa kwa hilo, lakini kulirudisha kwenye kimo chake cha asili na kukijaza kiti kungefanya kazi ileile bila ya kompresa.

Hisa nane

Kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuhusu vyuma, na tunalitaja kwa sababu tumeona nyumba zikivunjika kwa madogo kuliko hilo. Gari lile lilikuwa bado halijagawiwa. Wazazi wa marehemu walikwisha kutangulia, basi warithi walikuwa mjane na watoto watano. Mjane ana thumuni, na kilichobaki hugawanywa kati ya watoto, mwanamume akapata mara mbili ya mwanamke. Kwa familia hii hesabu ilitoka sawasawa: gari lina hisa nane, Mama hisa moja, kila binti hisa moja, na kila mwana hisa mbili. Kaka mkubwa, pamoja na ukubwa wake na ukarimu wake, alikuwa na hisa mbili katika nane.

Bei ya seti aliyoitaka ilizidi thamani ya hisa ya binti mmoja katika gari lenyewe. Je, angeitoa kama zawadi au kama deni juu ya mirathi? Gari likiuzwa baada ya miaka mitano, angedai kurudishiwa? Na ndugu asiyetaka gari likatwe na kutobolewa, alikuwa na haki ya kukataa? Maswali haya hayakuwa na ubaya wowote. Ubaya ungalikuwa kutoyauliza.

Mdogo wao wa kike ndiye aliyempigia simu. Alimwambia, "Kaka, sisi hatukatai wema wako. Twataka tu ujulikane ni wema, usije ukawa kesi." Kaka alikasirika siku mbili. Siku ya tatu alimpigia Mama, wakazungumza peke yao, na hatukuambiwa walizungumza nini. Jioni ile alituma ujumbe kwa wote: gari lithaminiwe kama lilivyo kabla ya kutengenezwa, thamani iandikwe na kutiwa saini na wote sita, na yeye atalipa matengenezo ya lazima kama hiba kwa mama yake, wala haitakuwa deni juu ya mtu. Twawashauri wasomaji wenye jambo kama hili wamwendee kadhi au mwanachuoni wanayemwamini kabla ya kumwendea fundi. Hesabu za kila familia hutofautiana.

Walivyoamua

Waliichagua njia ya kwanza, wakaacha mlango wazi kwa njia ya pili. Shokabzoba nne, bushi za nyuma, vipira vya springi na tairi mbili vilinunuliwa. Springi za asili zilipimwa zikaonekana bado ni nzima. Kiti kilipelekwa kwa fundi wa makochi, naye akakijaza upya kwa nyuzi za makumbi ya nazi na sponji ngumu juu yake, akakishona kwa kitambaa chake cha zamani ili rangi isibadilike. Makumbi yamejaa hapa kwetu, na hakuna aliyekuwa ameyafikiria.

Kaka alipokuja likizo hakuja na seti. Alikuja na viriba viwili visaidizi, vidogo hata vikaingia sandukuni pamoja na halua. Fundi alivitia ndani ya springi za nyuma kwa siku moja, kila kimoja na kinywa chake. Alikataa kuviunganisha kwa bomba moja, akaeleza kuwa vikiungana hewa hukimbilia upande wa pili gari lipindapo kona, likazidi kulala. Mama akiwa na binti mmoja, viriba huachwa na hewa kidogo tu. Wakipanda watano na mizigo, huongezwa hewa kituo cha mafuta. Gari halizami tena nyuma, wala halikwaruzi chini likishuka kwenye kivuko cha Likoni.

Safari ya Malindi ni kilomita 120 hivi. Mama alikwenda, akalala siku nne kwa dada yake, akarudi. Tulimwuliza mgongo waonaje. Alisema unauma, kwani ana miaka 71 na si gari lililouanzisha. Lakini alishuka mwenyewe, mlangoni kwa dada yake, akiwa ameshika mlango kwa mkono mmoja na mkoba kwa mkono wa pili.

Kabla hujanunua

Kwa wenye magari ya kale wanaofikiria springi za hewa, tumekusanya haya.

Kwanza, mtafute mwenye makosa kabla ya kununua dawa. Tairi, shokabzoba, bushi na kiti vichunguzwe, na anayechunguza aketi pale aketipo anayeumia. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika gari la kale ufa huwa ni bushi ya bei ndogo.

Pili, jiulize wataka hewa kwa kazi gani. Kwa mzigo unaobadilika, viriba visaidizi hutosha. Kwa gari lililozaliwa na hewa, kama 300SEL, kulirudishia viriba vyake ni kuhifadhi asili yake. Kwa kuliinua na kulishusha kwa fahari, fahamu kuwa unanunua pambo pamoja na matunzo yake ya kila mwezi.

Tatu, usikate wala kutoboa chuma cha asili ikiwa iko njia ya kufunga kwa bolti zinazoweza kufunguliwa. Mwanao anaweza kutaka kulirudisha gari kama lilivyokuwa, na thamani ya gari la kale hukaa katika asili yake. Vyuma vilivyotolewa viwekwe, visiuzwe kwa wanunuzi wa skrepa.

Nne, hewa haiongezi uwezo wa gari kubeba. Breki, ekseli na tairi hubaki zilezile. Gari lililonyooka nyuma kwa sababu ya viriba huku limejazwa kupita kiasi ni hatari iliyojificha.

Tano, mwarifu mwenye bima yako kwa maandishi kabla ya kubadilisha mfumo wa springi, na taa za mbele zirekebishwe kimo kinapobadilika, zisiwapofushe wanaokuja.

Sita, na hili twaliomba lisomwe kwa sauti mbele ya vijana wa nyumba: mtu asiingie kamwe chini ya gari lililoinuliwa kwa hewa peke yake, wala kwa jeki peke yake. Kiriba kikiachia, gari hushuka kabla mtu hajapata kupiga kelele. Stendi za chuma ziwekwe kwanza. Na gari lenye vitufe vya kupanda na kushuka lisiachwe wazi mahali penye watoto.

Gari la marehemu limeegeshwa leo chini ya mwarobaini, mahali pake palepale. Hisa zake nane zimeandikwa kwenye karatasi iliyo ndani ya sanduku la Mama. Mjukuu mkubwa amekabidhiwa kazi ya kupima upepo wa tairi na wa viriba kila Ijumaa asubuhi, na babu yake, twaambiwa, alikuwa akiifanya kazi hiyo siku hiyohiyo.